Kipigo na vitisho Kigoma: baraza, dawati la jinsia, bondi ya amani au shauri la ndoa?

Katika kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Kigoma, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nataka karatasi ya mahakama ya kumzuia asinifuate. Naipata wapi?" Anayeuliza anaweza kuwa mama wa Gungu anayepigwa na mumewe, binti wa Mwanga anayeandamwa na mchumba waliyeachana, au mzee wa Ujiji anayetishwa na mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya kiwanja. Wengi wamesikia habari za Kenya, ambako sheria ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi yenyewe. Tanzania Bara hatuna sheria ya namna hiyo. Ni pengo kubwa, na linaniuma kila ninapolazimika kumweleza mtu mwenye jicho lililovimba.

Hata hivyo ulinzi upo, ila umetawanyika. Mwingine umo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, mwingine kwenye Kanuni ya Adhabu, mwingine kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Anayeanzia pasipomfaa hupoteza miezi, na hiyo miezi anaiishi ndani ya nyumba ileile anakopigwa. Ndiyo maana nimeziweka pamoja njia nne zinazotumika mkoani kwetu, nizipime kwa vigezo vilevile.

Kama saa hii kuna mtu mwenye panga mlangoni kwako, usiendelee kusoma. Toka, nenda kwa jirani au kituo cha polisi, piga 112. Kuchagua njia kutafuata ukiwa salama.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kasi. Je, unahitaji kulindwa usiku wa leo, wiki hii, au unataka ulinzi utakaodumu hata baada ya kuachana? Njia ya haraka kwa kawaida haidumu, na inayodumu huchukua muda.

Cha pili ni uhusiano wako na anayekuumiza. Sheria ya Ndoa inamlinda mwanandoa na aliyekuwa mwanandoa, mwanamke au mwanamume. Jirani, shemeji na mchumba wa zamani wako nje yake. Kama mmeishi pamoja bila cheti, usijitoe haraka: kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakatambulika kwa watu kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Halafu kuna ushahidi ulio nao, gharama pamoja na umbali, na matokeo, yaani ndoa, watoto na riziki vitabaki katika hali gani.

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ambacho watu husahau kabisa, ni usimamizi. Siku atakapoivunja amri, nani atamshika? Mkoa wetu una vijiji vya mwambao wa kusini kama Buhingu na Kalya ambako watu wanategemea boti kufika mjini. Amri iliyotolewa mjini, ambayo mtendaji wa kijiji hajaiona wala askari wa kituo cha karibu hajui kama ipo, haimzuii mtu kupiga teke mlango saa nane usiku.

Njia ya kwanza: wazee, mtendaji na baraza la usuluhishi

Wengi huanzia hapa, na siwabezi. Katika vijiji vya Buhigwe na Kasulu wazee wa pande mbili hukaa, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa, mume anaandika mbele ya mtendaji kwamba hatarudia, mashahidi wanasaini na muhuri unagongwa. Kwa wanandoa kuna pia baraza la usuluhishi la ndoa linalotambuliwa na sheria, liwe la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa.

*Kasi.* Ni ya siku chache, mara nyingine siku hiyohiyo.

*Uhusiano.* Mtendaji anamsikiliza yeyote. Baraza la ndoa ni la wanandoa.

*Ushahidi.* Hakuna masharti magumu. Unaeleza kwa maneno yako, hata kwa Kiha, na majirani wanasema walichokiona.

*Gharama na umbali.* Hakuna njia iliyo karibu na nafuu kuliko hii.

*Usimamizi.* Hapa ndipo panapopwaya. Makubaliano ya kwa mtendaji si amri ya mahakama. Akiyavunja, hakuna anayeweza kumfunga kwa kuyavunja. Mume akishasaini ahadi ileile kwa mara ya tatu, tatizo si tena kukosa kuelewana. Ila karatasi ile usiitupe. Amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikupiga, na hakimu ataisoma. Omba nakala yenye muhuri siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika.

*Matokeo.* Ndoa inabaki, undugu unabaki, na kwa anayetegemea shamba la ukoo hilo si jambo dogo. Kama usuluhishi wa baraza la ndoa umeshindikana, unapewa hati, ile inayoitwa Fomu Namba 3, ambayo mahakama huihitaji katika shauri la talaka. Kwa hiyo muda uliokaa barazani haukupotea, mradi umetoka na hati mkononi.

Kuna mpaka ambao wazee hawapaswi kuuvuka. Ubakaji, jeraha kubwa na ukatili kwa mtoto si mambo ya kumalizwa kwa mbuzi wala kwa kusameheana. Mzee anayekuambia "haya ni ya ndani" wakati mtoto ameumizwa, mheshimu, muage, nenda polisi.

Njia hii inamfaa anayetaka kubaki kwenye ndoa, ambaye vurugu ndiyo kwanza imeanza na ambaye mkosaji bado anaona haya mbele ya watu. Haimfai aliyekwishatishiwa kuuawa.

Njia ya pili: Dawati la Jinsia na Watoto, kisha kesi ya jinai

Bado kuna watu, wanawake kwa wanaume, wanaoamini kwamba mume ana haki ya "kumrekebisha" mkewe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kimekataa waziwazi: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kumpiga mke ni shambulio, sawa na kumpiga mchuuzi pale Kibirizi. Na mume anayepigwa na mkewe ana haki hiyohiyo ya kwenda dawati, yaani ofisi ya polisi inayopokea mashauri ya ukatili wa aina hii, hata kama atalazimika kuvumilia macho ya watu kwenye benchi.

Mambo huenda hivi. Unafika kituoni, unaulizia dawati, unaelekezwa kwenye chumba. "Shikamoo, afande." "Marahaba mama, karibu ukae. Nani amekuumiza?" Unaeleza, maelezo yanaandikwa, unasomewa. Usisaini kabla hujasikia yote yaliyoandikwa, na kama kuna kosa, sema lirekebishwe. Unapewa namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, na fomu ya polisi ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, iwe Maweni au kituo cha afya kilicho karibu. Kama unavuja damu, tibiwa kwanza, PF3 itafuata. Mwonyeshe daktari kila alama, hata michubuko ya mgongoni iliyofichwa na nguo, maana isiyoandikwa kwenye fomu haitafika mahakamani. Kama ni ukatili wa kingono, usioge wala usifue nguo mpaka upimwe.

*Kasi.* Hakuna njia iliyo na kasi kama hii kwa hatari ya leo, kwa sababu mtuhumiwa anaweza kukamatwa siku hiyohiyo. Lakini elewa kitakachofuata. Polisi hawaruhusiwi kumweka tu ndani; ndani ya saa 24 sheria inawataka wamfikishe mahakamani au wampe dhamana, na makosa mengi ya shambulio yana dhamana. Watu humwona amerudi mtaani kesho yake wakasema amehonga. Inawezekana ni dhamana tu.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaambiwi. Mahakama inapotoa dhamana inaweza kuongeza masharti inayoona ni ya haki: akae kwa kaka yake mpaka kesi iishe, aripoti kituoni kila wiki, asikusogelee wala kukupigia simu. Masharti hayo yanafanya kazi ya amri ya ulinzi, ingawa jina lake ni jingine. Hayaji yenyewe. Mwambie mpelelezi, na kabla kesi haijatajwa mara ya kwanza mtafute mwendesha mashtaka umwambie: "Naomba uiombe mahakama imzuie asije nyumbani, maana alisema akitoka atanimaliza." Sema maneno halisi aliyotumia. Na akitiwa hatiani, hakimu anaweza kumwamuru asaini bondi ya kutunza amani, yaani ahadi mbele ya mahakama kwamba hatafanya vurugu, pamoja na adhabu au badala yake.

*Ushahidi.* Hapa panadai zaidi, kwa sababu ni lazima kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. PF3, waliosikia kelele, mtoto mkubwa aliyeona, ujumbe wa simu. Mama mmoja muuza dagaa alikuja na daftari lake la mauzo. Mbele kulikuwa na hesabu za visado na madeni ya wateja. Kurasa za nyuma, kwa kalamu ileile, alikuwa ameandika: "Jumapili jioni, mpini wa jembe, mkono wa kushoto. Mama Asha alinitoa." Mstari wa chini yake: "Idi pili, kanikaba, kisa hela ya kikoba." Tarehe, silaha, mahali alipoumia, aliyeshuhudia. Aliposimama kutoa ushahidi hakuyumba, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa imekaa sawa tangu nyumbani. Fanya kama yeye, ila daftari lako lifiche au mwachie mtu unayemwamini.

*Gharama na umbali.* Kuripoti hakuna malipo, na PF3 haiuzwi. Kinachoumiza ni nauli. Kesi huahirishwa, na wewe unatoka Kazuramimba kwenda na kurudi.

*Usimamizi.* Ni imara. Akivunja sharti la dhamana, dhamana inaweza kufutwa, na polisi tayari wana jalada lake. Hutaanza kueleza upya wewe ni nani.

*Matokeo.* Kesi ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi, hivyo huwezi kuifuta kwa kusema tu umesamehe. Kwa makosa madogo ya shambulio mahakama yenyewe inaweza kuhimiza suluhu. Kwa makubwa, hapana. Shinikizo litakuja: mama mkwe atakuja analia, wifi ataleta sukari na khanga, baba yako mwenyewe atauliza nani atalisha watoto akifungwa. Lile swali la mwisho ni la kweli na linastahili jibu. Wenzetu wa Kaliua na Urambo mkoani Tabora wanalijua vizuri, kwa kuwa fedha ya tumbaku mliyoilima wote huingia kwenye akaunti ya mume, na kipigo mara nyingi huja msimu huohuo wa malipo. Ukiamua kwenda polisi, panga mapema utakula nini na watoto watalala wapi. Kesi nyingi hazifi kwa kukosa ushahidi. Zinakufa kwa sababu shahidi alirudi nyumbani na kunyamaza.

Njia ya tatu: bondi ya kutunza amani

Haijulikani sana, na ndiyo maana nitakaa nayo kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu mamlaka ya kuzuia uvunjifu wa amani kabla haujatokea. Unatoa taarifa kwa kiapo kwamba fulani ana kila dalili ya kukudhuru au kuvuruga amani. Hakimu akiona kuna msingi, anamwita huyo mtu aeleze kwa nini asisainishwe bondi. Akishindwa kueleza, anaahidi mbele ya mahakama kutunza amani kwa muda atakaopangiwa, kwa kiasi fulani cha fedha, akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Akikataa kusaini anaweza kuwekwa ndani.

*Kasi.* Ni ya wastani. Si ya usiku wa leo, lakini haingoji kesi nzima iishe.

*Uhusiano.* Hapa ndipo inapozizidi zote: haijali mnahusianaje. Mchumba wa zamani, jirani wa mpaka wa shamba, shemeji anayetaka kumrithi mjane, mtoto wa kiume anayemtishia mama yake mzee kwa tuhuma za uchawi, wote wanaingia. Tuhuma hizo nazitaja makusudi. Katika kanda yetu wazee wameuawa kwa maneno yaliyoanza kama minong'ono ya kijijini. Usisubiri jeraha la kwanza ndipo uende.

*Ushahidi.* Si lazima uwe umeshapigwa. Unachoonyesha ni hatari: ujumbe wa vitisho, watu waliomsikia akiapa, mara alizokuvizia njiani kutoka mashineni au kisimani. Maneno ya jumla kama "ananisumbua" hayatoshi. Hakimu anataka kusikia lini, wapi, alisema nini, nani alikuwepo.

*Gharama na umbali.* Inabidi ufike mahakamani, na ni vizuri msaidizi wa kisheria akusaidie kuandika maombi na kukueleza ni mahakama ipi ya kuyapeleka. Kabla ya hapo anzia polisi ili kuwe na rekodi.

*Usimamizi.* Nguvu ya bondi iko kwa wadhamini. Tuseme mjomba wake ameweka dhamana ya shilingi laki tano. Mjomba huyo sasa ana sababu yake mwenyewe ya kumkalisha chini kijana kila jioni. Mkosaji akivunja bondi, fedha inaweza kudaiwa kwake na kwa mdhamini. Ombeni wadhamini wawe watu wa kijiji hichohicho, wanaomwona kila siku. Mdhamini anayeishi Dar es Salaam hatamzuia mtu wa Kakonko.

*Matokeo.* Hakuna anayeandikiwa hatia, anayesaini hafungwi, kazi inaendelea. Kwa upande mwingine, hairudishi haki ya kipigo ulichokwishapata, haigusi mali wala malezi ya watoto, na muda wake ukiisha imekwisha. Mtu asiye na cha kupoteza naye haiogopi. Kwa mlevi asiye na shamba wala ndugu wa kumdhamini, bondi peke yake ni kinga dhaifu.

Njia ya nne: shauri la ndoa na amri ya kifungu cha 138

Kwa wanandoa, hapa ndipo palipo karibu zaidi na ile "karatasi ya kumzuia". Kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kujilazimisha kwa mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake, na aache vitendo vingine vya kumsumbua. Lakini haiombwi hivihivi. Ni lazima kuwe na shauri la ndoa linaloendelea mahakamani, au hukumu ya kutengana, talaka au kubatilisha ndoa iwe imekwishatolewa.

*Kasi.* Shauri zima ni la miezi. Amri yenyewe inaweza kuombwa shauri likiwa bado linaendelea, kwa hiyo usisubiri hukumu. Na sikiliza hili kwa makini: sharti la kupitia kwanza baraza la usuluhishi limewekwa kwa shauri la talaka. Kwa anayeomba kutengana tu kwa amri ya mahakama, sheria haikuweka sharti hilo. Mwanamke anayehitaji kutoka haraka anaweza kuomba kutengana, akaombea humo amri ya kumzuia mume, na suala la talaka likaja baadaye, akili ikiwa imetulia. Hata kwenye talaka kuna nafuu: mwenzi aliyeitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika hawezi kukukwamisha, na mahakama inaweza kukuruhusu uruke baraza kama kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Tishio la kuuawa ni hoja ya kuiweka hapo.

*Uhusiano.* Wanandoa wa aina zote, wa bomani, wa kanisani, wa Kiislamu na wa kimila, pamoja na wale wa kifungu cha 160 wanaoweza kuthibitisha waliishi kama mke na mume. Kwa ndugu zangu Waislamu wa Ujiji: hata kama mume amekwishatamka talaka, nenda mahakamani ukapate amri inayoweza kusimamiwa na dola.

*Ushahidi.* Kiwango ni cha chini kuliko cha jinai. Mahakama inapima upande upi una uzito zaidi. PF3 ya zamani, makubaliano ya kwa mtendaji, daftari la nyuma ya hesabu za dagaa, vyote vinatumika hapa.

*Gharama na umbali.* Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na hata Mahakama Kuu zote zina mamlaka juu ya mashauri haya, kwa hiyo anzia Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Lugha ni Kiswahili. Kuna ada ya kufungua shauri. Asiye na uwezo aombe asamehewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na inataka msaada huo utolewe bure kwa wasio na uwezo. Anayekudai fedha kwa jina la msaada wa kisheria, mkimbie.

*Usimamizi.* Amri ya mahakama ina meno, maana kuidharau ni kosa. Lakini haitembei yenyewe. Ni wewe utakayelazimika kuhakikisha inafika kwa watu wa kwako.

*Matokeo.* Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayogusa maisha ya baadaye: nani akae na watoto, matunzo, mgawanyo wa mali. Wanawake wengi wanavumilia kwa kuogopa kutoka mikono mitupu. Tangu 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea, kulima migomba na kukamua mawese ni mchango. Na nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Inamfaa aliyekwishaamua kutoka, au walau kukaa mbali. Anayetaka tu mume aache pombe na kipigo, wabaki pamoja, atajikuta ameanzisha safari ambayo si yake.

Watoto, na usumbufu wa simu

Mtoto akiwa hatarini, usipime kati ya njia hizi nne. Mwone afisa ustawi wa jamii au dawati, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa watoto. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 mahakama ya watoto inaweza kutoa amri ya matunzo au ya uangalizi, na afisa ustawi ndiye mwenye kazi ya kuifuatilia.

Kwa anayetukanwa, kutishwa au kusambaziwa picha kwa simu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa jinai. Usifute ujumbe kwa hasira. Piga skrinishoti namba ikionekana pamoja na tarehe, tunza simu yenyewe, nenda polisi. Bondi ya amani inaweza kwenda sambamba.

Kwa hali yako

Njia hizi hazifukuzani. Mtu mmoja anaweza kuwa na kesi ya jinai mahakamani na shauri la kutengana kwa wakati mmoja, na mara nyingi ndivyo inavyofaa.

Umepigwa leo au jana, una jeraha: nenda dawati na hospitali kwanza, mengine yatafuata. Alama za mwilini hupona, na zikipona hakuna wa kuzisoma.

Unatishwa na mtu ambaye si mwenzi wako na bado hajakugusa: bondi ya amani, na uombe wadhamini wa jirani.

Ni mara ya kwanza, mumeo amejuta, unataka ndoa: wazee au baraza, lakini kwa maandishi na muhuri. Weka moyoni kikomo chako kabla hamjakaa kikao, ili usikisogeze kila mara.

Umeamua kutoka na una watoto: shauri la kutengana au talaka, ukiomba amri ya kifungu cha 138 mapema. Kama kuna jinai ya karibuni, fungua na hiyo.

Mliishi pamoja bila ndoa kwa miezi michache tu: kifungu cha 160 hakitakusaidia. Dawati au bondi.

Wewe ni mzazi unayetishwa na mwanao: najua uchungu wa kumshitaki uliyemzaa. Bondi inaweza kukuvusha bila kumfunga. Lakini akikupiga, ni jinai.

Unaishi mwambao, mbali na kituo: kabla ya kwenda mahakamani, zungumza na mtendaji na mwenyekiti ujue nani atasimama nawe. Ukishapata amri au nakala ya masharti ya dhamana, toa nakala nne. Moja mpe mtendaji wa kijiji, akusainie kwamba ameipokea. Ya pili iache kituo cha polisi kilicho karibu. Ya tatu mwachie mtu unayemwamini ambaye haishi nawe. Ya nne iwe kwenye mkoba ambao utaubeba siku yoyote utakayolazimika kutoka, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na nauli ya boti.